Dhambi inayoonekana inatengwa, kiburi kinapewa uzee wa kanisa: watu wa Nyanda za Juu Kusini, tuzungumze

Mwana_Loleza (mleta uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na wakuu wengine ambao si watu wa kanisani, salaam kwenu, karibuni mchangie, maana mengi ya haya ninyi mnayaona sisi tukiwa bado hatujayaona.

Uzi ni mrefu. Naomba usomwe wote ndipo ujibiwe.

Naandika kutoka Mbeya mjini. Mikoa yetu hii, Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, imelelewa na misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa kutoka Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo, Wabenediktini wakafungua Tosamaganga kabla karne ile haijaisha. Baadaye wakaja Wapentekoste, na leo kuanzia Mbalizi mpaka Uyole sijui mtaa usio na kanisa lao. Tumebatizwa humo, tumeolea humo, na wazazi wetu wamezikwa na wazee wa kanisa. Ninachosema nakisema nikiwa ndani ya nyumba, na kinaniuma.

Hoja yangu ni moja. Makanisani kwetu dhambi tunaipima kwa kuonekana kwake. Mimba inaonekana. Ulevi unaonekana. Suruali ya dada inaonekana, wigi linaonekana, watu kuishi pamoja kabla mahari haijaisha kunaonekana. Hizo tuna vikao vyake na adhabu zake. Kiburi, fitina, uchoyo na dharau havionekani, na mwenye navyo akiwa mtoaji mzuri na msemaji mzuri, tunampa cheo.

Kuna usharika mmoja huku, sitautaja wala sitataja dhehebu lake. Binti wa kwaya ya vijana alipata mimba. Baraza la wazee likakaa, na Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwenye matangazo, baada ya tangazo la mnada wa mavuno na kabla ya tangazo la ndoa. Ametengwa: haruhusiwi kuimba, haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, mpaka atakapotubu mbele ya usharika baada ya kujifungua. Kijana aliyetajwa kuwa ndiye mwenye mimba alikana, na kwa kuwa mimba haioti kwa mwanamume, akaendelea kupiga kinanda. Katika baraza lile lililomhukumu binti walikuwemo wazee wawili ambao hawajasalimiana tangu walipopelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wote wawili siku ile walipita kwenye madhabahu, wote wawili walipokea mkate na divai. Kanisa zima lilikuwa linajua, na hakuna aliyeona ajabu.

Sisemi mimba ya nje ya ndoa si kosa. Nasema Yesu alizungumzia hali ya wale wazee wawili kwa maneno makali kuliko alivyowahi kumwambia mwanamke yeyote aliyefumaniwa. Mathayo 5 anasema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale, nenda kwanza ukapatane naye. Sadaka isubiri! Ni mara ngapi umeona kanisani sadaka ikisubiri?

Sasa twende Luka 18, mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Mahubiri mengi niliyosikia yanamchora Farisayo kama mtu anayejifanya. Luka hasemi hivyo. Luka anasema Yesu aliwaambia mfano huo watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Farisayo huyu hakudanganya hata kidogo. Torati iliamuru mfungo mmoja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, tarehe kumi ya mwezi wa saba; yeye alifunga mara mbili kwa juma. Zaka ya Torati ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo. Watu wa kundi lake walitoa hata ya mnanaa na bizari, vitu vya kuchuma nyuma ya nyumba. Mtu wa namna hii akihamia usharikani kwetu leo, kabla mwaka haujaisha ni mtunza hazina. Na yule mtoza ushuru alikuwa mtu mbaya kweli: aliwakusanyia Warumi kodi kutoka kwa ndugu zake mwenyewe, na watu wa kazi ile walizoea kutoza zaidi ya kiwango.

Kwa hiyo Farisayo alisema kweli juu ya nafsi yake na hakukosea sana juu ya mwenzake, na bado hakushuka nyumbani amehesabiwa haki. Kilichomwangusha ni yale maneno "wala kama huyu mtoza ushuru". Alikuwa anaongea na Mungu, macho yakaenda pembeni. Ili ajione safi, alihitaji mtu mchafu asimame karibu yake.

Hapo ndipo mimi nakitambua kiburi cha kiroho. Sikiliza shuhuda zetu. Ukimwondolea mtoa ushuhuda wale anaojilinganisha nao, walevi wa mtaani kwake, mawifi zake wasiookoka, Wakristo wa madhehebu "yaliyopoa", anabaki na nini cha kumshukuru Mungu? Kama kinabaki kitu, huo ni wokovu. Kama hakibaki, mtu huyu anaishi kwa dhambi za wenzake, na siku wote wakitubu atakosa la kusema.

Jambo la kutisha ni kwamba kiburi hiki kinaota kwenye mema. Mlevi hana cha kujivunia asubuhi akiamka. Aliyekesha kwenye maombi anacho. Ndiyo maana Paulo anamwambia Timotheo asimweke mtu aliyeongoka karibuni kuwa kiongozi, "asije akajivuna akaanguka katika hukumu ya Ibilisi". Nimewaona vijana waliookoka kwenye mikutano ya viwanja vya Ruanda Nzovwe, wamewaka kweli, wanafunga, wanasoma Neno. Miezi michache baadaye hawali tena kwa mama zao. Na kule Iringa namfahamu mjukuu aliyekataa chakula cha bibi yake kwa sababu bibi anauza ulanzi, pombe ya mianzi, wakati ada yake ya sekondari yote ilitoka kwenye ulanzi uleule. Bibi yule alilia mbele yangu. Hakulia kwa sababu ameambiwa ulanzi ni dhambi. Hilo ameshalisikia tangu ujana wake. Alilia kwa sababu chakula alichopika kilirudi jikoni.

Kuna jambo lingine ambalo mikoa yetu haina ruhusa ya kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa Njombe hiyo ni karibu mtu mzima mmoja katika kila wanane. Maana yake hakuna ibada huku isiyo na watu wenye virusi, wakiwemo wanaoimba na wanaohubiri. Na bado mahubiri yetu yanawazungumzia kama watu wa mahali pengine, watu wa baa na wa barabara kuu. Mke aliyekaa na mume mmoja maisha yake yote anasikia kwamba "amevuna alichopanda". Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilohilo kwenye Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi hata huyu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe, akamhudumia mtu.

Nimalizie kwa jambo ambalo hata wasio Wamoravian wangefaidika nalo. Mwaka 1722 kabaila mmoja kijana wa Saxony, Ujerumani, Zinzendorf, aliwapa wakimbizi wa imani kutoka Moravia mahali pa kujenga kwenye ardhi yake. Kijiji kikaitwa Herrnhut. Ndani ya miaka mitano kilikuwa karibu kuvunjika: Walutheri, watu wa Reformed (wafuasi wa mafundisho ya Calvin) na wale wa Moravia, kila kundi likijiona ndilo limeshika kweli. Walifika mahali pa kumwita Zinzendorf mwenyewe mnyama wa Ufunuo, huyohuyo aliyewapa ardhi. Zinzendorf alipita nyumba kwa nyumba kuongea nao. Tarehe 12 Mei 1727 wakakubaliana kanuni za kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, watu waliokuwa hawatazamani wakalia na kusameheana. Miaka mitano baadaye wakaanza kutuma wamisionari. Ule mkondo uliofika Rungwe mwaka 1891 ulitokea pale. Kabla ya 1727 walikuwa na mafundisho sahihi vilevile, na Biblia ileile. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja aliacha kuhesabu makosa ya kundi la pili.

Naomba michango. Kwenu ikoje? Matusi tuyaache.

Kamanda_wa_Makambako

Naweka kambi hapa. Hilo la kinanda limenichoma, kwetu ilikuwa gitaa.

Mnyalukolo_Kihesa

Kamwene mleta uzi. Nimesoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila nina wasiwasi na wewe. Mimi ni mzee wa kanisa, miaka mingi sasa. Hilo andiko la "msihukumu" limekuwa kichaka. Mwizi wa sadaka ukimuuliza, msihukumu. Mume aliyehama nyumba akaenda kwa hawara na bado anataka kuongoza kwaya, msihukumu. Paulo katika 1 Wakorintho 5 amewaamuru wamtoe kabisa yule aliyekuwa na mke wa baba yake, na akauliza waziwazi, "ninyi hamwahukumu hao walio ndani?" Mkituondolea nidhamu, kanisa litabaki jengo la kuimbia tu. Wamisionari wetu walikuwa wakali na ndiyo maana kanisa limefika hapa.

Mwana_Loleza

Mnyalukolo_Kihesa, shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuongea wazi, na kwenye mwizi wa sadaka tuko pamoja asilimia mia. Yesu aliyesema "msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" ndiye huyohuyo aliyesema katika Yohana 7 "msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki". Na kwenye kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu yako na boriti iliyo jichoni mwako, hakusema kibanzi kiachwe. Alisema boriti itoke kwanza, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi. Jicho ni mahali pa kuguswa na mtu anayeona.

Ila mzee wangu, Mathayo 18 ina hatua. Ndugu yako akikukosa, enda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo uliambie kanisa. Nakuuliza kwa heshima kabisa: yule binti, kabla jina lake halijasomwa, nani alikwenda kukaa naye peke yake? Kwa ninavyojua, hakuna. Baraza lilipata habari kwa mke wa mmoja wa wazee, aliyezipata sokoni. Tumeanzia hatua ya tatu tukaiita nidhamu.

Na Paulo huyohuyo wa 1 Wakorintho 5, soma 2 Wakorintho 2. Kuna mtu aliyeadhibiwa na walio wengi, na waalimu wengi wanaona ni yuleyule. Paulo anasema adhabu ile yamtosha, sasa mumsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Aliwasihi wathibitishe upendo wao kwake. Mtengo wa Paulo ulikuwa na mlango wa kutokea, na kanisa lenyewe ndilo lililoamriwa kwenda kuufungua. Sisi tunamtenga mtu, halafu tunakaa kumsubiri aje. Asipokuja tunasema hana toba. Wagalatia 6 inasema walio wa Roho wamrejeze mtu huyo kwa roho ya upole, "ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe". Kazi hiyo wamepewa wenye kujiangalia, na ndiyo sababu siafiki wale wazee wawili kukaa kwenye kikao kile kabla hawajapatana.

Mnyalukolo_Kihesa

Hapo kwenye hatua ya kwanza umenishika. Ni kweli vikao vyetu vingi huanza na taarifa ya mtu wa tatu. Nitalipeleka kwenye baraza letu, tuwe na utaratibu kwamba hakuna jina linaloingia kwenye ajenda mpaka ijulikane nani amekwenda kwake na lini. Lakini la hadharani siliachi. Kosa la hadharani toba yake ni hadharani.

Mwana_Loleza

Mzee wangu, hapo naona tofauti yetu imebaki ndogo. Ninaloomba tu: kama ni hadharani basi iwe hadharani kwa wote, na kijana wa kinanda asimame pale.

Kijana_Mafinga

Mimi nilishaacha. Kanisani kwetu walisoma hadi orodha ya watu ambao hawajamaliza ahadi ya jengo, mama yangu mjane akiwemo, huku mfanyabiashara wa mbao aliyetoa bati nyingi akipigiwa vigelegele. Siku ile nikaona inatosha. Nasali nyumbani, nasoma Biblia yangu, na naamini niko karibu na Mungu kuliko hao walokole wenye kelele. Wanafiki wote wale. Elimu ndogo, sauti kubwa.

Mwana_Loleza

Kijana_Mafinga, ndugu yangu, lililompata mama ni baya na sitalipamba. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na Yakobo sura ya pili anamlaumu moja kwa moja anayempa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule. Kusoma jina la mjane mbele za watu kwa sababu ya deni la jengo ni aibu ya waliosoma, mama hana aibu yoyote.

Ila rudia sentensi zako mbili za mwisho. Naongea na wewe kama mdogo wangu. Pale Rumi, wakati wa Paulo, kanisa liligawanyika kwa ajili ya vyakula na siku. Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Rumi, jambo ambalo Matendo 18 inalitaja, na waalimu wengi wanaona kwamba waliporudi baada ya miaka walikuta kanisa limezoea maisha ya watu wa mataifa. Wengine walikula kila kitu, wengine mboga tu. Paulo alipowaandikia Warumi 14 alitaja makosa mawili, hakutaja moja. "Yeye alaye asimdharau huyo asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu huyo alaye." Mkali anajaribiwa kuhukumu. Aliye huru anajaribiwa kudharau. Wewe hukumu huna, lakini dharau unayo, na Paulo kaziweka kwenye mstari mmoja. Kisha anauliza, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka."

Wale walokole wenye kelele, miongoni mwao wamo walioacha kupiga wake zao siku waliyookoka. Kelele zinakera, najua. Nao wana Bwana wao.

Hatukuombi urudi palepale. Mtafute mchungaji wako, umweleze la mama kwa mdomo wako mwenyewe, uso kwa uso. Pengine hajawahi kuambiwa.

Muuguzi_Mstaafu

Nimefanya kazi kliniki ya CTC, ya huduma na dawa za VVU, katika mkoa mmojawapo wa hiyo uliyoitaja. Nathibitisha hili: wapo watu wanaopanda gari la alfajiri kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, wakati zahanati iko karibu na nyumbani, kwa sababu ya kuogopa watu wa kanisani kwao. Nauli ikikosekana mwezi mmoja, dawa zinakatika. Wengine waliacha dawa kwa kuambiwa kwamba kumeza ni kukosa imani, na tuliwapokea wakiwa wamebebwa. Naomba watumishi wanaosoma hapa waelewe: anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, anazaa, anazeeka. Kinachomuua siku hizi mara nyingi ni aibu. Na aibu hiyo tunaitengeneza sisi kwa maneno yetu kwenye misiba na kwenye ibada za nyumba kwa nyumba.

Mwana_Loleza

Ndaga fijo dada yangu, Mungu akuweke. Naomba wachungaji walisome la kwako mara mbili. Jumapili moja tu mchungaji akisema kutoka madhabahuni, kwa sauti ya kawaida, "wenzetu mnaotumia dawa, msiache, tunawaombea, ninyi ni wetu", safari za alfajiri zitapungua.

Mkatoliki_wa_Tosa

Tumsifu Yesu Kristo. Nichangie kidogo kutoka upande wetu. Katika karne ya nne kule jangwa la Misri, mahali paitwapo Sketi, aliishi mmonaki aliyeitwa Musa, ambaye zamani alikuwa jambazi. Ndugu mmoja alianguka katika kosa, wamonaki wakaitisha kikao, wakamwita Musa. Akakataa. Walipomtumia mtu tena, akaja amebeba mtungi unaovuja, maji yakimwagika nyuma yake. Wakamuuliza ni nini hiki baba. Akasema, dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu wala sizioni, na leo nakuja kuhukumu kosa la mwingine. Wakamsamehe yule ndugu. Mimi huwa nafikiri kwamba ilimfaa sana Musa kuwa alitoka ujambazini. Hakuhitaji kukumbushwa alikotolewa.

Mwana_Loleza

Milele amina. Asante sana mkuu. Hilo la mwisho linanipeleka kwa Paulo tena, 1 Wakorintho 4: "Nawe una nini usichokipokea?" Aliyeacha pombe alipokea nguvu ya kuacha. Aliyelelewa na wazazi wacha Mungu alipokea wazazi. Binti ambaye hakupata mimba, pengine alipokea tu ulinzi ambao mwenzake hakuupata, mama aliyekuwepo nyumbani, ada iliyolipwa kwa wakati, chumba cha kupanga kisichokuwa na mwenye nyumba msumbufu. Sifuti wajibu wa mtu kwa matendo yake. Nataka tu tuhesabu tulivyopewa kabla hatujahesabu tulivyofanya.

Mama_wa_Uyole

Bwana asifiwe. Sijazoea kuandika humu, nimesajiliwa na mwanangu wa kiume. Nimesoma nikilia. Binti yangu yuko kama huyo uliyemsema. Kanisa si hilo, lakini ni kama hilo. Ametengwa tangu mimba ikiwa changa, sasa mtoto anatambaa. Hataki kwenda kutubu mbele ya watu, anasema bora afe. Na mimi kwenye umoja wa wanawake wameniondoa uongozi, wanasema nimeshindwa kulea. Nilipanga kuhama kanisa. Nimuambie nini binti yangu? Na hao wanawake nifanyeje, maana sasa nikiwaona nawachukia, nami naona kuwa ni dhambi.

Mwana_Loleza

Mama, shikamoo. Pole sana, na asante kwa kutuamini. Nitakujibu kama ambavyo ningemjibu mama yangu mzazi.

Kwa binti kwanza. Usimwambie lolote la kanisa kwa sasa. Mwambie mtoto ni baraka, na umwite mtoto kwa jina lake mbele ya wageni, sebuleni. Mtoto hajatengwa na mtu yeyote. Watu wakija kukusalimu akiwa amejificha jikoni, mwite aje akae nawe. Akikuona humwonei haya, atapata pa kuanzia. Toba yake mbele za Mungu pengine alishaimaliza usiku ambao wewe hukujua, na hiyo hakuna baraza linaloweza kuirudisha nyuma.

La kusimama mbele ya usharika, usimlazimishe. Nenda wewe kwa mchungaji, na kama unaye ndugu anayeheshimika mwende naye. Muombeni apokelewe ofisini, mbele ya mchungaji na wazee wawili wanawake, pamoja na mtoto. Wapo wachungaji wanaokubali hivyo, huku Mbeya nimewaona. Akikataa, muulize kwa upole kama baba wa mtoto naye ameitwa. Swali hilo uliulize mara moja tu, usigombane, uliache lifanye kazi.

Kuhama, mama, usihame ukiwa na hasira. Baada ya hapo ukiona Mungu anakupeleka pengine, nenda kwa amani, na uage.

Na hao wanawake. Unasema unawachukia na unaona ni dhambi. Mama, kwamba umeiona mwenyewe, bila kikao, ni neema kubwa. Wao wamekudharau kwa kilichoonekana nyumbani kwako. Wewe nawe unajaribiwa kuwafunga wote katika jambo moja walilokufanyia. Mchague mmoja, yule ambaye mlikuwa karibu zaidi. Usimngojee aje. Mpigie, mwambie unapita kwake, nenda na mtoto mgongoni. Mwambie umeumia na jinsi ulivyoumia, usimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Halafu mnyamazie, umsikilize.

Ukipenda niandikie pembeni unitajie uko sehemu gani ya Uyole. Mke wangu yuko tayari kuja kukaa na binti wiki hii, na atakuja kama jirani tu, hana cheo chochote kanisani kwenu.

Mama_wa_Uyole

Nimekuandikia. Aje Alhamisi, Jumatano nina gulio.